Udi ukumbini, hapa Lamu
Jamani, mnaotaka harusi ya taarabu ya udi (ile ala ya nyuzi, si wa kufukiza), si ya kinanda cha umeme: unyevu wa bahari ndio adui. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja wa besi. Uacheni ukumbini nusu saa utulie, ndipo mlinganishe nyuzi. Mkiharakisha, wimbo wa pili tu zishapotoka. Tari za ngozi hulegea zaidi. Zipasheni moto wa makaa kwa mbali, mkizizungusha, maana ngozi ikishika joto upande mmoja hupasuka. Tari za plastiki hazilegei, lakini mlio wake mkavu, siupendi kabisa. Maikrofoni isitazame tundu la udi, itavuma. Isogezeni upande wa daraja, kile kibao juu ya udi kinachofungiwa nyuzi.