Siku moja maishani mwangu: kutoka ganda la yai hadi kipande cha mfupa

Saa moja asubuhi nilikuta ndoo ya maganda ya mayai imekwishafika mlangoni mwa maabara ninamojaribu kutengeneza kitu cha kujazia mifupa iliyoharibika. Nayachemsha kwa nusu saa, kisha naketi kubandua utando wa ndani, ambao hung'ang'ania ganda kama karatasi iliyopakwa gundi. Ni kazi ya vidole, na hakuna mashine iliyonisaidia nayo hadi leo. Anayeniona kwa mara ya kwanza hudhani nimekosa la kufanya, ilhali takribani asilimia 94 ya ganda hilo ni kalsiamu kabonati. Madini ya mfupa wa binadamu ni ya jamii ya kalsiamu fosfati, yakikaribiana sana na yale tunayoyaita haidroksiapatiti. Kalsiamu nimeletewa bure. Fosfati ndiyo ninayopaswa kuitia mwenyewe.

Saa mbili na nusu nilifungua tanuri. Maganda ya jana yalikuwa yamekaa humo usiku kucha kwa nyuzijoto 900 za Selsiasi. Mwanzoni huwa meusi kwa sababu mabaki ya protini yanaungua, kisha hugeuka meupe pepepe, na ingawa umbo la ganda hubaki, ukiligusa kwa kidole linasagika kuwa unga. Niliweka gramu 100, nikapata zaidi kidogo ya nusu yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito huondoka kama kaboni daioksidi. Kilichobaki ni chokaa. Moto huo pia hauachi kijidudu hata kimoja, jambo linalonituliza kila ninapokumbuka ndoo ilikotoka.

Kuanzia saa nne hadi saa sita nilikuwa mtumwa wa matone. Chokaa ikikutana na maji hutokota na kutoa joto; ikishatulia, asidi ya fosforiki, inayoleta ile fosfati, huongezwa tone kwa tone huku mchanganyiko ukikorogwa, na jicho halitoki kwenye kipimo cha pH, namba ambayo hushuka kadiri asidi inavyozidi. Kinaanza juu ya 12, nami sikiruhusu kishuke chini ya 9. Wiki iliyopita nilikuwa na haraka, nikafungua mrija kupita kiasi, asidi ikazidi, na sikujua nimeharibu kiasi gani hadi leo alasiri.

Saa saba simu ililia. Alikuwa daktari wa upasuaji anayerekebisha mifupa ya uso na taya, ambaye hujaribu sampuli zangu kwa kuzichonga tu, bila kuzigusisha na mgonjwa. Aliniambia: "Poda yako sina ugomvi nayo, Mtafiti, lakini damu ikifika itaisomba yote. Nitengenezee kipande ninachoweza kukikata kwa kisu nikiwa mezani." Namwelewa. Hadi sasa kipimo cha ubora kwao ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, ambao mara nyingi huchukuliwa kwenye ukingo wa nyonga, kwa kuwa una seli hai na mwili haukatai kilicho chake. Ila mgonjwa huondoka na vidonda viwili badala ya kimoja, na maumivu ya nyonga wakati mwingine hudumu kuliko ya pale palipotengenezwa. Mfupa wa nyonga nao una kikomo.

Ndiyo maana saa nane niliacha mayai nikageukia dome, kiumbe wa baharini wa jamii ya ngisi na pweza. Gamba lake la ndani, lile jeupe jepesi ambalo hutupwa kiumbe huyo anapoparuliwa, ukilikata na kulitazama kwa hadubini unaona ghorofa juu ya ghorofa, zikishikiliwa na nguzo nyembamba, na karibu sehemu zote zilizobaki ni nafasi tupu. Chembe za mfupa na mishipa ya damu zinahitaji njia za namna hiyo, zenye upana wa mikromita mia moja (sehemu moja ya kumi ya milimita) na zaidi, ili ziingie ndani ya kipandikizi. Mimi na tanuri langu hatuwezi kujenga nyumba kama hiyo. Nilikata vipande kumi kwa msumeno mdogo, nikavifungia kwenye chombo cha chuma pamoja na myeyusho wa fosfati, nyuzijoto 200. Humo kabonati ya gamba hubadilishana na fosfati bila kubomoa ghorofa, mbinu ambayo Roy na Linnehan waliionyesha kwa matumbawe mwaka 1974. Matumbawe ni mali ya bahari na sipendi kuyagusa. Gamba la dome lingetupwa tu.

Saa kumi matokeo ya eksirei ya fuwele yalifika, yaani grafu ambayo vilele vyake huonyesha poda ina madini gani. Poda ya wiki iliyopita, baada ya kuchomwa, ilikuwa na kilele cha haidroksiapatiti karibu na pembe ya nyuzi 31.8, na pembeni yake, kwenye 31.0, kilele kingine ambacho sikukialika: trikalsiamu fosfati, ambayo huyeyuka mwilini haraka zaidi. Haina sumu, na wapo wanaoitaka kwa makusudi, lakini kwangu iliingia kwa bahati mbaya, na daktari hawezi kumwekea mtu kitu ambacho kasi yake ya kuyeyuka inategemea haraka ya mkono wangu. Takataka hizi ni bure, ila kupata poda ileile mara ya pili ndiko kunakogharimu. Niliandika daftarini kasi ya matone ya leo, nikaibandikia chupa ya wiki iliyopita karatasi nyekundu.

Saa kumi na mbili jioni nilipanga maganda mapya kwenye vikombe vya kauri, nikaliwasha tanuri. Chombo cha dome kitafunguliwa kesho, kikishapoa.