Tulipokusanya Mabango Kayenze

Kwa mkutano wetu wa kukusanya na kugawana vifaa vya kufundishia tabianchi, tulichagua siku za mbalamwezi kwa makusudi. Ukiwataka watu wa dagaa, watafute mwezi ukiwa mkubwa, maana usiku wenye mwanga taa za mitumbwi hazivuti kitu, na kambi nzima hupumzika. Wengine hushona nyavu, wengine huenda kusalimia nyumbani. Hapo ndipo unapoweza kumpata kiongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, akakaa kitako tangu asubuhi hadi saa tisa bila kuangalia ziwani.

Ilikuwa mwishoni mwa 2021, katika darasa moja huko Kayenze, wilayani Ilemela. Wakati huo nilikuwa nafundisha jiografia sekondari, na siku za mapumziko nilijitolea na waelimishaji jamii wa mialo, yaani sehemu za ufukweni zinapotia nanga mitumbwi, ya upande ule. Walikuwemo wahudumu wa afya, bwana shamba, vijana wa mazingira, watu wa BMU, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye wote tulimwita mzee na kumpa shikamoo kabla ya neno lolote.

Vifaa vya kufundishia mabadiliko ya tabianchi tulikuwa navyo, ila kila mtu alikuwa amekalia vyake. Mradi unakuja, unachapa vijitabu na mabango, unafungwa, na vilivyobaki vinaingia stoo. Miaka miwili baadaye mradi mwingine unachapa karibu yale yale. Jambo hili limeniuma kwa muda mrefu, na bado linaniuma. Karatasi nzuri, zilizolipiwa, zinaliwa na mchwa, huku mwelimishaji wa mwalo wa jirani akichora kwa mkaa ukutani. Kwa hiyo tulipeana sharti moja tu: kila mmoja aje na alichonacho chote, hata kama kimechanika.

Tulisukuma madawati ukutani, mengine tukayaunganisha katikati yawe meza. Vitu vilikuwa vingi kuliko nilivyotarajia. Bwana shamba alileta bango kitita, lile la kurasa kubwa za kufunua, la mtama, mihogo na matuta ya kuzuia maji. Kijana mmoja alikuja na kipimamvua alichotengeneza kwa chupa ya soda, shingo imekatwa na kupinduliwa iwe faneli, na ubavuni amebandika rula ya plastiki kwa gundi. Mimi nilikuwa na flashi yenye video. Muuguzi alileta bango kitita la kipindupindu na kichocho, kona za kurasa zake zimelainika kama kitambaa kwa kufunuliwa na vidole vya watu wengi. Alisema amelileta kwa aibu kidogo, kwani halikuwa la tabianchi.

Yale mabango yaliyoandikwa tabianchi kwa herufi kubwa yalifanana. Yote yalikuwa na ardhi iliyopasuka, ng'ombe waliokonda na jua jekundu. Ni picha za kweli, na kuna wilaya zinazoishi hayo. Lakini pale Kayenze watu walikuwa wametoka kwenye mwaka wa maji. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango cha juu sana, likameza vibanda, vyoo na bustani za pembezoni.

Tulikuwa tunaanza kugawana ndipo mama mmoja akanyanyuka. Ni mkaushaji na mchuuzi wa dagaa, na tulimwalika kama mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Hakuwa mwelimishaji kwa cheo.

"Walimu, naomba niulize kabla hamjagawana. Mwaka 2006 maji yalirudi nyuma mpaka mitumbwi ikawa inasukumwa kwenye tope. Tukaambiwa ziwa linakauka, ni tabianchi. Mwaka jana maji yamebeba vichanja vyangu vya kukaushia dagaa, tukaambiwa ni tabianchi. Hiyo tabianchi inakausha au inajaza?"

Bwana shamba alijibu kwamba ni kwa sababu ya ukataji miti. Mtu wa BMU akasema maji yamezuiwa kule Jinja, Uganda. Kijana wa mazingira akasema ni viwanda vya Ulaya. Mimi nikaanza na Bahari ya Hindi. Mama akatusikiliza wote mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akasema, "Mnaona? Na hapo mko chumba kimoja."

Kugawana kukasimama. Tulibandika karatasi ya manila ubaoni, tukakaa nayo karibu hadi saa nane. Ninaamini hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya katika elimu ya jamii, na ilianza kwa kukubaliana jinsi ziwa lenyewe linavyopata maji. Ziwa Victoria linategemea mvua kuliko mito. Kama asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayoanguka moja kwa moja juu yake. Sehemu kubwa huondoka kwa mvuke, na kinachobaki hutokea Jinja kuelekea Mto Nile. Ukishaelewa hivyo, swali la mama linaanza kufunguka. Ziwa linaweza kupanda na linaweza kushuka, na kila safari lazima uulize nini kilizidi na nini kilipungua.

Kwa mwaka 2006 tuliandika mambo mawili: ukame, na maji mengi yaliyoachiliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja. Hapo mtu wa BMU alifurahi, maana alikuwa sahihi kuitaja Jinja, isipokuwa aliitaja kwa mwaka usio wake. Kwa 2020 tuliandika mvua za vuli za 2019. Msimu ule maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika yalikuwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia yalikuwa ya baridi, hivyo mawingu yakajaa kwetu na mvua ikaendelea hadi masika.

Mzee mstaafu akainua mkono. Alikuwa mtoto wakati wa Uhuru, akakumbuka ziwa likipanda vilevile, watu wakihamisha nyumba. Ni kweli. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Aliuliza, kwa upole wake, kama wakati ule nao ni tabianchi.

Swali la mzee lilikuwa gumu kuliko la mama. Kijana wa mazingira alitaka turuke jambo hilo, akihofu watu watasema basi hakuna kilichobadilika. Nilikataa, na muuguzi akaniunga mkono. Mtu aliyeona maji ya 1964 kwa macho yake ukimficha hilo hatakuamini tena kwa lolote. Tukaandika wazi kwamba ziwa lina tabia yake ya kupanda na kushuka tangu zamani. Chini yake tukaandika kilichoongezwa na binadamu. Ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, iliyokuwa imetoka Agosti mwaka huo ilisema dunia imepata joto kwa takriban nyuzi 1.1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na hewa ikipata joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Kwa hiyo mvua kubwa ikija, inakuja na mzigo mkubwa zaidi.

Mama alisoma, akasema "nyuzi" na "asilimia" zibaki kwetu walimu. Kwenye karatasi ya watu iandikwe hivi: ziwa hupanda lenyewe, joto la sasa linaliongezea. Tukafuata alivyosema.

Ndipo muuguzi akafunua lile bango lake la aibu kwenye ukurasa wa choo cha shimo. Vyoo vilivyofurika 2020 vilimwaga uchafu kwenye maji yale yale ya kunywa na kuogea, na kwenye madimbwi mapya, watoto wanakochezea, konokono wa kichocho wanaweza kuzaliana. Bango la ugonjwa likawa bango letu la tabianchi, bila kuchapa karatasi mpya hata moja.

Kugawana kwenyewe kulifanyika harakaharaka. Tulipiga picha kila ukurasa nje, kwenye mwanga wa jua, tukazituma WhatsApp kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha za kawaida herufi hufifia. Wenye simu za kitochi walinakili kwa mkono. Kabla ya kutawanyika tuliteremka mwaloni, na kijana wa kipimamvua akapiga mstari wa rangi nyekundu kwenye mwamba, pale maji yalipofika Mei 2020. Akina mama ndio waliomwelekeza aupige wapi. Walibishana, wakasogeza, mpaka wakaridhika wote.

Mwaka 2024 ulitoka utafiti uliopima sawasawa lile swali la mzee. Ziwa lilipanda mita 1.21 ndani ya siku 180 hadi katikati ya Mei 2020. Watafiti walikadiria kwamba tabianchi iliyoharibiwa na binadamu iliongeza kama sentimita 7 kwenye kupanda huko, na ilifanya tukio la namna hiyo liwe rahisi kutokea kwa mara 1.8. Niliutuma kwenye kundi letu la WhatsApp siku niliyousoma. Mzee alijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba ameridhika, na kwamba sentimita 7 juu ya ziwa zima si maji kidogo.

Mwaka huohuo, mwezi Mei, ziwa lilipanda tena, na mstari wa pili ukapigwa juu ya ule wa kwanza. Mama wa dagaa alinipigia simu. Kuna vijana wageni wanajenga vichanja chini kabisa, na wanamuuliza kama maji yatarudi. Tulijibu kwenye kundi jioni ileile: yanaweza kurudi, kama yalivyopungua baada ya 1964, na yanaweza kupanda tena, kwa hiyo kichanja kipya kijengwe juu ya mstari wa pili. Alilirekodi jibu hilo kwa sauti yake, kwa Kisukuma, akalirusha mialo mingine, na muuguzi akaongeza kipande chake cha kuchemsha maji ya kunywa.