Nilivyonunua bunduki ya mtumba Uingereza, nami ni mashoto

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa "nunua jina". Wa pili, "chukua mitutu mirefu ya inchi 32, mabingwa wote wanatumia hiyo". Wa tatu ulitoka kwa Mtanzania mwenzangu aliyeko Leicester, ambaye hajawahi kushika hata gobore. Aliniambia kwenye simu, "Kaka, mtumba ni nguo. Silaha nunua mpya." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza natumia mkono gani.

Mimi ni mashoto. Nyumbani walinibadilisha mkono ninaokula nao, hawakuweza kunibadilisha bega. Na bunduki ya marisau, kwa asiyejua, kitako chake hakiko sawa na mitutu. Huwa kimepinda kidogo upande mmoja ili jicho la mpigaji likae katikati ya ule utepe wa chuma ulio juu ya mitutu. Zilizo nyingi zimepindwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia. Nikiiweka begani kwangu jicho linaangukia kulia mwa utepe, na marisau nayo yanakwenda kulia. Unaweza kununua jina kubwa kuliko yote, ukapasua hewa mchana kutwa.

Habari za cheti cha polisi, ripoti ya daktari na kabati la chuma naziruka, hizo kila mtu huku anazijua.

Nilichotaka ni bunduki moja ya kazi mbili: visahani vya udongo vinavyorushwa hewani Jumamosi, na fezanti, ndege wa kuwinda, kati ya Oktoba 1 na Februari 1, kwa sababu mkulima mmoja ninayembebea nafaka hapa Lincolnshire hunialika shambani kwake. Kazi hizo mbili zinavutana. Ya visahani inafaa iwe nzito, kilo tatu na nusu na zaidi, ili isikupige bega ukishafyatua katriji mia. Ya ndege unaibeba kwenye tope asubuhi nzima, kwa hiyo wengi hutaka ya kilo tatu na kidogo. Nikaamua kukaa katikati: mitutu miwili ya inchi 30, mmoja juu ya mwingine, uzito ambao mkono wangu haulalamiki. Zile za mchezo wa trap nilizipita bila kuzigusa, ingawa ni nzuri na bei zake zinashawishi. Zimetengenezwa zipige juu, kwa kuwa kisahani cha trap kinaondoka kikipanda. Ndege anayekatiza mbele yako hapandi, na marisau yatampita juu ya kichwa.

Ya kwanza niliyoikagua ilikuwa ya mtu binafsi, bwana mmoja mstaafu kijijini. Aliilaza mezani juu ya blanketi, inang'aa, akaniletea na chai. Bunduki ya Kiitaliano, "ina kama miaka kumi, haijapigwa sana". Nikavaa miwani. Bunduki za Italia zina herufi mbili ndani ya kisanduku kidogo, zimegongwa na nyumba ya majaribio ya Gardone, kule wanakopima kama mitutu inahimili nguvu ya baruti, na herufi hizo ndizo mwaka. Zake zilisema 2000. Nikanyamaza, nikanywa chai.

Nikaangalia skrubu. Vichwa vilikuwa vimeliwa, maana yake kuna mtu aliingia humo na bisibisi ya jikoni. Nakshi za pembeni zilikuwa zimefifia kingo, ilhali weusi wa mitutu ulikuwa mpya kabisa. Vitu viwili hivyo havikai pamoja: chuma kimesuguliwa, kikapakwa upya. Nikaenda dirishani, nikaishika mitutu ili fremu ya dirisha iakisi kwa urefu wake wote. Mstari ule unatakiwa unyooke kutoka mwanzo hadi mdomoni. Ulikwenda vizuri, ukafika karibu na mdomo, ukajikunja. Palikuwa na kibonyeo kimesawazishwa, na aliyesawazisha hakuwa fundi.

Sasa sehemu ninayoipenda. Watu wengi wakiona bunduki imefungwa haitikisiki, wanaridhika. Mbao ya mbele, ile unayoishika kwa mkono wa kutangulia, inaikaza bawaba. Ni mlinzi wa siri za bunduki nzima. Nikamwomba ruhusa, nikaitoa, nikafunga mitutu bila mbao, nikashika shingo ya kitako na kuitikisa taratibu. Tk. Tk. Mzee akasema ni saa ya ukutani. Nikaitikisa tena, na saa ikajibu.

Wenzo wa juu, ule wa kufungulia, nao ulikuwa na lake. Bunduki mpya ikifungwa wenzo unasimama umeelekea kulia kidogo, na miaka ikienda unasogea katikati kwa kulika kwa vyuma vya ndani. Huu ulikuwa umeshavuka katikati na kwenda kushoto. Ndicho kitu pekee cha mashoto kwenye bunduki ile.

"Fundi ataikaza kwa hela ndogo tu," akasema. Inawezekana, kuna bunduki ambazo pini za bawaba hubadilishwa kwa kubwa kidogo na maisha yanaendelea. Lakini hela hiyo ndogo itoke kwenye bei. Nikataja nusu ya alichotaka. Akachukua kikombe changu kabla sijamaliza chai.

Dukani nilikwenda Februari, makusudi. Msimu wa ndege umefungwa, watu wanarudisha bunduki walizochoka nazo, na wanunuzi wamelala. Nikafuatana na mtaalamu wetu wa uwanjani, yule wa "nunua jina". Tukapewa moja ya kuangalia. Mtaalamu akatia risasi bandia mbili, akafyatua mtutu wa kwanza: kak. Akavuta tena. Kimya. Akavuta mpaka kidole kikawa cheupe. Akamgeukia mwenye duka kwa sauti ya kila mteja kusikia: "Hii imekufa mtutu wa pili."

Mwenye duka akafungua mdomo. Nikamwomba anipishe, maana nafasi kama ile haiji kila siku. Nikaichukua bunduki, nikaigonga kitako kwa kiganja mara moja, nikavuta triga: kak. Triga nyingi za siku hizi zinangoja lile teke la mtutu wa kwanza ndipo zihamie wa pili. Risasi bandia haina teke, basi unaipiga teke mwenyewe. Zipo za aina nyingine zinazohama bila teke, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujaizika bunduki ya mwenzako. Mtaalamu akaanza kupendezwa sana na kofia zilizokuwa zimetundikwa ukutani.

Bunduki yenyewe ilikuwa nzima, ila ya mkono wa kulia, na shingoni ilikuwa na kile kibonge cha kujaza kiganja, upande usio wangu. Kitako hupindwa kwa joto, mafuta ya moto au taa, na fundi mzuri anafanya kwa pauni mia mbili na ushee. Kibonge ni cha kupigwa randa, na ukikipiga umeharibu sura ya mbao. Ndipo nikauliza swali lililonilipa: "Una ya mashoto ambayo imekaa hapa hadi imekuchosha?"

Akaenda nyuma. Akarudi na Browning B525 ya mashoto, inchi 30, iliyotengenezwa na kampuni ya Miroku kule Kochi, Japani. Vumbi lilikuwa kwenye utepe. Watu wa mkono wa kulia hawaitaki, na mashoto tuko wachache. Kila mwezi ilipokaa pale bei ilijishusha yenyewe.

Sikuirukia. Nilitoa mbao ya mbele, nikaitikisa: kimya. Wenzo uko kulia. Nikaning'iniza mitutu kwa kidole kwenye kile kindoana cha chini, nikaigonga kwa kifundo, ikalia kama kengele. Ingetoa sauti ya mkwaruzo ningejua lehemu inayoshika ubavu imeachia, maji yameingia, na kutu inakula ndani usikokuona. Nikafyatua risasi bandia zote mbili na kuifungua: zikaruka pamoja, zikaanguka karibu pamoja. Nyuma ya chuma, pale kitako kinapoanza, sikuona ufa. Nikafumba macho, nikaiweka begani, nikafumbua. Utepe mbele yangu, umenyooka. Ni mara ya kwanza bunduki ya dukani kunitazama hivyo.

Kasoro ilikuwa moja. Choki ya mtutu wa chini, kile kipete cha mdomoni kinachobana marisau, iligoma kufunguka. Muuzaji akasema, "Achana nayo, inabana robo tu, inafaa kwa kila kitu." Hapana, bwana. Mwaka 2025 serikali ya hapa ilitangaza kwamba itapiga marufuku marisau ya madini ya risasi baada ya kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Marisau ya chuma hayabonyei kama ya risasi, na ushauri wa kawaida ni usiyapitishe kwenye choki inayobana zaidi ya nusu. Kwa katriji za chuma zenye nguvu kubwa, bunduki lazima iwe na alama ya ua la yungiyungi iliyogongwa na nyumba ya majaribio. Hii alama ilikuwa nayo. Lakini kipete kilichoganda hujui nyuzi zake zikoje. Nikamwambia hela inatoka kipete kikitoka. Alikiloweka mafuta siku kadhaa, kikatoka, nyuzi safi.

Kabla ya kulipa niliomba kuipiga kwenye bati lililopakwa chokaa. Simama yadi 16, iweke begani na kufyatua bila kulenga sana, mara kadhaa, utazame katikati ya madoa. Umbali huo una hesabu nzuri: inchi moja ya kukosa kwenye bati ni sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kwenye kitako. Yangu yalikaa katikati upande wa kushoto na kulia, juu kidogo ya alama, jinsi ninavyotaka. Kitako kilikuwa kifupi kwangu, wakaongeza kipande chembamba chini ya mpira wa begani. Hicho hawakunitoza.

Jumla haikufika pauni elfu moja, na kwenye bei hiyo niliondoka na vipete vyote, ufunguo wake na sanduku. Mwenzangu wa Leicester bado anasema ningenunua mpya. Siku nikiiuza, najua, nitapewa bei hiyohiyo ya mashoto, na itakaa dukani kwa mtu hadi ishike vumbi. Haiuzwi.