Siku diski ilipojaa dukani kwa ami, Chake Chake

Simu ya ami ilinikuta Wete, saa mbili asubuhi, katikati ya msimu wa karafuu. "Mwanangu, mashine haitaki kuuza." Duka lake la vifaa vya ujenzi liko Chake Chake, na msimu ndio wakati watu wanaposhika fedha wakaikumbuka nyumba: saruji, mabati, nondo. Magari mawili yalikuwa yameshasimama nje yakingoja kupakia. Njia nzima nilinusa karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na nilichokuwa nacho kichwani ni kitu kimoja tu, data za miaka minne.

Programu ya mauzo inatumia PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, kwenye seva ndogo ya Linux iliyowekwa chumba cha nyuma. Nilikuta PostgreSQL imejizima, na logi yake, yaani faili ya kumbukumbu za matukio, inalalamika kwamba diski haina nafasi ya kuandika. Amri ya df, inayoonyesha diski imejaa kiasi gani, ikathibitisha: asilimia 100. Nikashuka folda baada ya folda kwa du, amri inayopima ukubwa wa folda, mpaka nikaifikia iitwayo pg_wal. Gigabaiti 61! Data zenyewe za duka hazikufika hata 7.

Rafiki yangu mmoja nikampigia. Akaniambia, "Zifute hizo, si logi tu?" Nashukuru mkono ulisita. Kila badiliko, ankara moja tu ikiingia, PostgreSQL huliandika kwanza kwenye WAL, yaani faili za kumbukumbu ya mabadiliko zilizomo kwenye pg_wal, kisha ndipo baadaye linapotulia kwenye faili za majedwali. Umeme ukikatika ghafla, ni hizo WAL anazozisoma akiamka ili ajue aliishia wapi. Ukifuta ile anayoihitaji, huenda asiamke kabisa, au aamke na hesabu zilizovurugika. Zamani folda hiyo ikiitwa pg_xlog, na lile neno "log" liliwaponza wengi waliodhani ni takataka za kusafisha. Toleo la 10 la mwaka 2017 ndilo lililobadilisha jina.

Kwa hiyo sikugusa kitu. Nilihakikisha PostgreSQL imezimwa kweli, nikachomeka diski ya nje, nikaanza kunakili folda nzima ya data kama ilivyo. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Ami alikuja mlangoni mara tatu. "Bado tu?" "Bado, ami. Nikiharakisha nitakuharibia." Mara ya tatu hakuuliza tena, akamwambia binti wa keshia atoe daftari na kalamu, wauze kwa mkono.

Nafasi nilipata kwingine. Kwenye diski ileile nilikuwa nimerundika nakala za akiba za kila usiku, zilizobanwa, za miezi kadhaa. Kosa hilo ni langu mwenyewe: akiba inayokaa diski moja na data haikuokoi diski ikifa, na ikijaa ndiyo inayokumalizia. Nikazihamishia kwenye diski ya nje, zikapatikana gigabaiti 5. Nikawasha. Sekunde zikapita, WAL zikasomwa, na logi ikaandika kuwa iko tayari kupokea watumiaji. Nilipumua.

Lakini faili zile zilikuwepo bado, karibu 3,900, kila moja megabaiti 16. Kwa kawaida PostgreSQL huzisafisha yenyewe, kwa hiyo lazima kulikuwa na anayezishikilia. Nikauliza pg_replication_slots, orodha ya sloti zote, nikaona mstari mmoja: sloti ya seva nakala yetu ya Unguja, mashine inayopokea nakala ya data za seva kuu, na kwenye safu ya active herufi moja tu, f. Yaani hakuna aliyeunganishwa. Nikakumbuka. Ofisi ya Unguja ilihama wiki sita nyuma, mashine ile ikazimwa na haikuwashwa tena. Sloti ni ahadi: seva kuu inamwekea mwenziwe kila WAL mpaka aje kuichukua. Huku kwetu ilimngojea asiyekuja, na kwa vile programu ya duka hukokotoa upya bakaa ya kila bidhaa kila baada ya dakika chache, WAL zilizalishwa mchana na usiku.

Nikaifuta sloti kwa pg_drop_replication_slot, nikapiga CHECKPOINT, amri inayoifanya PostgreSQL iandike mabadiliko kwenye faili za majedwali na kuondoa WAL zisizohitajika, kisha du tena. Gigabaiti 1 na ushei.

Jioni ile ile niliweka max_slot_wal_keep_size, kikomo cha WAL ambazo sloti inaweza kushikilia, kuwa gigabaiti 10. Ipo kuanzia toleo la 13, na ukiwa na seva nakala usikae bila hiyo. Nakala ikichelewa kupita kiwango hicho itakatwa, utaijenga upya kwa pg_basebackup, zana ya kunakili seva kuu nzima, lakini duka litaendelea kuuza. Nimeweka pia programu fupi kwenye cron, kipangaji cha kazi za kujirudia cha Linux, inayonitumia ujumbe wa simu diski ikifika asilimia 80, na mwingine sloti yoyote ikiwa f. Akiba za usiku sasa zinakwenda diski nyingine, na mara moja kwa mwezi nairejesha mojawapo kwenye kompyuta yangu nione kama inafunguka.

Baada ya sala ya isha tulikaa mimi na binti wa keshia, yeye akisoma daftari, mimi nikiingiza. Ankara ishirini na saba. Ya mwisho ilikuwa ya nondo, na ami alitoka na tochi hadi uani kuzihesabu zilizobaki. Akarudi na idadi ileile iliyokuwa kwenye skrini.