Yai la mnyoo lilivyoniumbua

Siku ya kwanza naona yai la mnyoo kwenye hadubini nilijiona daktari kamili. Nimeponda kinyesi cha mbuzi, nimechanganya na maji ya chumvi, ile ya kukoleza mpaka chumvi inagoma kuyeyuka, nimechuja, nikasubiri mayai yapande juu (yai ni jepesi kuliko hayo maji ndo maana linaelea, ujanja wote ni huo tu) na kweli yakapanda, nikaandika kwenye daftari Haemonchus, jina la aina moja ya mnyoo. Mwalimu akacheka. Umejuaje?

Sikuwa na jibu. Manake kwenye mbuzi, kondoo na ng'ombe minyoo duara mingi ya kundi la strongili inataga mayai yanayofanana kama mapacha, umbo la duaradufu, ganda jembamba, ndani seli zimebanana. Haemonchus, Trichostrongylus, Ostertagia, huwatofautishi hapo. Ukitaka jina inabidi uatamishe hicho kinyesi siku 7 hadi 10 kwenye ujotojoto, mayai yaanguliwe, lava (vinyoo vichanga) wafike hatua ya tatu ya kukua, ndo uanze kupima mikia yao, na hawatulii hata kidogo mpaka uwatilie iodini.

Wapo wanaojitaja wenyewe lakini. Trichuris yai lake kama limau lenye vizibo huku na huku, Nematodirus yai kuubwa kama mara mbili ya wenzake, na Toxocara wa mbwa ni la mviringo, ganda nene lina vishimo vishimo kama mpira wa gofu. Huyu wa mbwa usimchezee, likishakaa udongoni wiki kadhaa mtoto akalimeza anaweza kuumwa.

Aibu nyingine, niliwahi kuokota kinyesi cha juzi hapo chini nikaona vinyoo vinaogelea, nikaita watu. Kumbe ni minyoo ya udongoni, haina habari na mbuzi wala nini. Siku hizi nakitoa kwa mbuzi mwenyewe, kidole na glovu, na kama sipimi muda huohuo naweka friji mayai yasianguliwe.

Kile kinyesi cha mwanzo tulikiatamisha kweli. Haemonchus walikuwepo, ila Trichostrongylus ndo walikuwa wengi zaidi. Nikakata jina langu la kwenye daftari nikaandika "mayai ya strongili", na mpaka leo ndivyo naandika.