Majengo ya Moshi na Majengo ya Dodoma

Jana kijana mmoja ninayefanya naye kazi aliniuliza: "Kaka, kisanduku cha fomu kinaonyesha jina sahihi, mbona seva inapokea namba ya kitu kingine?" Sikumjibu papo hapo. Mawazo yalikuwa yamesharudi kwenye ile ofisi ya vifurushi pale stendi.

Malalamiko yalishakuwa mengi. Stakabadhi ya mteja inasema Dodoma, mzigo unapanda basi la Moshi. Nilipitia programu yote ya ofisi, nikaijaza console.log, amri ya kuchapisha kinachoendelea ndani, kila kona, na kila nilipojaribu mwenyewe mambo yalikwenda sawa. Ndipo nikaomba kukaa kaunta na karani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, vuta kiti."

Mteja akataja Majengo. Mama akaandika "Maj", orodha ikashuka, akabonyeza mshale wa chini, kisha Enter: "Majengo, Moshi".

"Hapana mama, ya Dodoma," mteja akasema.

Mama hakurudi kwenye orodha. Alifuta herufi za Moshi moja moja, taratibu, macho kwenye kibodi, akaandika Dodoma mwenyewe, akabonyeza Tab. Kisanduku kikasomeka "Majengo, Dodoma". Lakini nyuma yake kulikuwa na kisanduku kingine kilichofichwa, chenye namba ya kituo, ambacho hujazwa pale tu mtu anapochagua kwenye orodha. Namba ya Moshi ilikuwa bado imo, na namba hiyo ndiyo iliyopanga mizigo kwenye mabasi.

Mama hakukosea hata kidogo. Alimsikiliza mteja, akasahihisha maandishi, kama karani yeyote makini.

Dawa yake ilikuwa mistari michache. Autocomplete ya jQuery UI, ile zana ya JavaScript inayoshusha orodha mtu anapoandika, huipa programu taarifa iitwayo change mtu anapotoka kwenye kisanduku alichokibadilisha. Ikiwa ui.item, yaani kilichochaguliwa, ni null (hakuna kitu), basi maandishi hayo hayakuchaguliwa kwenye orodha: futa namba ya zamani, na fomu isikubali kutumwa mpaka kituo kichaguliwe upya. Jioni ile ile tukaiweka.

Mama akafurahi, kisha akauliza habari za mizigo ya nyuma. Stakabadhi zilichapwa kwa maandishi ya kisandukuni na wateja wakaondoka nazo. Hifadhidata ilitunza namba tu. Moshi ya kweli na Moshi iliyopaswa kuwa Dodoma zilifanana kabisa. Nilizipitia rekodi zile mpaka usiku, na sikupata namna ya kuzitenganisha. Mpaka leo sijaipata.