Nani Aliwafungulia Mlango?

Familia nyingi za Kenya zilizopitia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zinajua nani alichoma nyumba yao. Hilo halihitaji kuandikwa. Linarudiwa matangani, na linaamka upya kila kampeni zikianza. Kinachopotea ni jina la mama wa kabila lingine aliyelaza watoto wa jirani stoo usiku kucha, au la dereva wa lori aliyewabeba bila nauli. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Waliofungua milango hawamo katika hesabu ile.

Kama nyanya au babu yuko hai, mrekodi sasa, kabla ya joto la kura ya Agosti 2027. Siasa ikishapamba moto, mzee naye hujibu kwa maneno ya mkutano wa hadhara, ukabaki na hotuba badala ya kumbukumbu.

Simu yoyote yatosha. Washa hali ya ndege, maana mtu akipiga, rekodi inaweza kukatika. Ilaze juu ya leso iliyokunjwa, kama sentimita 30 kutoka mdomoni mwake. Ukiiweka juu ya meza tupu, kila kikombe kinachotua kitasikika kama kishindo. Redio izimwe, na mvua ikianza kugonga mabati, ahirisheni. Saa moja ya sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 58, hivyo nafasi si kisingizio. Rekodi dakika mbili, sikiliza, ndipo muendelee. Dakika 40 kwa kikao zinatosha kabisa.

Mwache aongee lugha yake. Mzee anayesukumwa kwenye Kiswahili ili wajukuu wa mjini waelewe hufupisha kila kitu, na utamu wote unakwenda na yale aliyoyaruka. Tafsiri itafanywa baadaye.

Usimuulize mwaka. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo gani: kifo cha Mzee Kenyatta (Agosti 1978), jaribio la mapinduzi (Jumapili ya 1 Agosti 1982), ukame wa 1984 na unga wa manjano, kura ya mlolongo ya 1988 (watu walipopiga foleni nyuma ya wagombea), mvua za El Niño. Kwa 2007, anzia jioni ya Jumapili, 30 Desemba, matokeo yalipotangazwa na rais akaapishwa giza likiingia. Wengi wanakumbuka walikuwa wamekaa wapi na sufuria gani ilikuwa jikoni.

Kisha uliza: nani aliwafungulia mlango? Ulikuwa wa mbele au wa nyuma? Mlilala wapi, mlikula nini, nani aliamua muondoke, mlipita njia ipi, mlibeba nini? Mimi naliamini sana swali la chakula. Mtu aliyekula ugali wa mwenzake akiwa na hofu hausahau, na pamoja na ugali hurudi majina. Akikosea tarehe, usimsahihishe. Akiwapo mjomba anayependa kudakia, mpe kikao chake siku nyingine, la sivyo utarekodi sauti yake tu.

Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, zima simu, mpe maji, na usirudi kwenye jambo hilo mpaka alitaje mwenyewe.

Majina yaandike kwenye daftari, mbali na sauti, na usiirushe rekodi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Aliyewaficha watu wenu huenda bado anaishi kati ya waliomwita msaliti. Sauti ikishasambaa hairudi. Weka nakala tatu: moja kwenye simu, moja kwenye memori kadi, na moja kwa ndugu anayekaa mji mwingine, kwa sababu nyumba ikiungua huungua na vyote vilivyomo.

Baada ya hapo nendeni mkashukuru. Sukari, majani ya chai na leso vinatosha, ila mpigieni kwanza mkaulize kama ziara yenu itamletea maneno. Kama amefariki, wapelekeeni watoto wake. Wengine hawajawahi kuambiwa mama yao alifanya nini. Mkiketi, ombeni upande wake wa usiku ule: nani alibisha baadaye, aliwajibu nini, watoto wake mwenyewe alilala nao wapi. Akikubali, ilazeni simu juu ya leso.